Nyumba kwa Mtu wa Mshahara Mdogo



Mwanadamu ana haja tatu ambazo hapana awezaye kuzikataa: chakula, nguo na nyumba. Habari za chakula na za nguo zimekwisha andikwa mara nyingi na waalimu wenzangu, wala sitaki kuzirudia. Leo nataka kusema habari ya nyumba, na hasa habari ya msaada ambao Serikali imejaribu kuwapa watu wenye fedha kidogo, ili nao wapate mahali pa kukaa na watoto wao. Mimi nakaa Lemara, upande wa kusini wa mji wa Arusha. Huu ni mwaka wa tisa, na miaka yote hiyo nimekuwa mpangaji. Kwa hiyo jambo hili silijui kwa kusoma vitabu tu; nalijua kila inapokaribia siku ya kodi.

Zamani katika nchi ya Meru kijana aliyetaka kuoa hakuhangaika kutafuta nyumba. Baba yake alimwonyesha mahali katika shamba la migomba, akamwambia, "Jenga hapa." Miti ikakatwa, udongo ukakandwa, majani ya kuezekea yakaletwa, na jirani wote wakaja kusaidia. Malipo yao yalikuwa chakula na pombe ya ndizi, pamoja na ahadi ya kwamba naye atakwenda kuwasaidia zamu yao itakapofika. Nyumba ile haikuwa na hati wala bati, lakini hapana mtu aliyekuja mlangoni kudai kodi.

Desturi ile ilikuwa njema, lakini ilitaka kitu kimoja ambacho sasa kimekuwa haba, nacho ni ardhi. Mlima haukui, bali watu huongezeka. Tena tangu wakati wa Wajerumani na wa Waingereza ardhi nyingi nzuri iliyouzunguka mlima ilitolewa kwa walowezi, na hata mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu, ikawa lazima Japhet Kirilo asafiri mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea. Leo mashamba yaliyobaki hugawanywa na kugawanywa tena. Baba yangu ana ekari moja na nusu, nasi tu watoto watano. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuipiga hesabu hiyo: kila mmoja atapata sehemu tatu za kumi za ekari. Na kila mmoja wetu akijenga nyumba juu ya sehemu yake, migomba itakwenda wapi? Wazee watakula nini? Naomba msomaji aliweke swali hili moyoni, maana nitalirudia.

Kwa sababu hiyo vijana hushuka mjini. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta Arusha watu 32,452. Ile ya mwaka 2012 ilikuta katika Jiji watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 617,631. Yaani kwa miaka kumi tu wameongezeka watu 201,189. Tukisema kila nyumba ichukue watu watano, basi zilihitajika nyumba mpya zaidi ya 40,000, nazo ni nyumba 11 kila siku ya Mungu, hata Jumapili na sikukuu. Nyumba hizo zilijengwa na nani? Chache zilijengwa na Serikali na mashirika yake. Zilizo nyingi zilijengwa na watu wenyewe, kidogo kidogo, leo msingi, mwakani kuta, mwaka mwingine bati. Na wale wasioweza hata hilo wakawa wapangaji.

Sasa niseme maisha ya mpangaji yalivyo. Mshahara huja kila mwezi, lakini kodi hudaiwa ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, tena kabla ya kuingia. Mtu anayepata fedha yake kwa siku, kama fundi saidizi wa ujenzi au mama auzaye mboga, atazitoa wapi za miezi sita kwa mara moja? Hukopa. Na akishindwa, huhama. Zamani ilikuwako sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo, iliyotungwa upya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba hukutana kama watu wawili sokoni, lakini mmoja wao hana muda wa kungoja.

Wenzangu waalimu watayafahamu maneno haya wakitazama daftari la mahudhurio. Katika darasa langu mwaka jana watoto saba waliondoka katikati ya mwaka. Wawili kati yao walifuata wazazi waliopata kazi mahali pengine. Watano waliondoka kwa sababu ya nyumba tu: kodi imepanda, au mwenye nyumba anataka chumba chake, au baba amekosa ile ya miezi sita. Mmoja wao, msichana aliyeanza kusoma vizuri, alikuwa akiingia shule yake ya nne, naye yu darasa la nne. Mtoto wa namna hii hana akili pungufu. Kila akianza kumzoea mwalimu, hubebewa godoro akaenda kuanza upya. Twasema juu ya vitabu, na madawati, na matokeo ya mitihani, wala hatusemi kwamba mtoto hawezi kusoma mahali pamoja ikiwa hana mahali pamoja pa kulala. Basi habari ya nyumba ni habari ya shule pia, na ndiyo maana nimeona yafaa mwalimu aiandike.

Je, Serikali haikufanya neno? Imefanya, tena mengi, nami nitayataja kwa taratibu ya miaka.

Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ya kwanza iliyojulikana sana ilikuwa kubomoa nyumba mbovu za udongo mjini Dar es Salaam, kama huko Magomeni, na kujenga za matofali mahali pale pale. Nyumba zilikuwa nzuri. Lakini kila nyumba mpya iliondoa ya zamani, na gharama ilikuwa kubwa. Kwa hiyo fedha nyingi ziliongeza vyumba vichache.

Mwaka 1967 hapa hapa Arusha likatangazwa Azimio, na moja ya masharti yake lilikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Ndipo mwaka 1971 Serikali ikatunga sheria ya kuyatwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo wenyewe hawakuyakalia, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, na hata leo mtu apitaye katikati ya miji yetu ataona majengo ya Shirika. Kazi ile iliwapunguzia wengi unyonge mbele ya wenye majumba. Lakini kuyatwaa majengo si kuyazidisha: nyumba zilibadili mwenyewe, hazikuongezeka.

Kisha yakaja mawazo mengine, ambayo kwangu mimi ndiyo bora kuliko yote. Mwaka 1972 Serikali iliacha shauri la kubomoa, ikaamua kuwapa watu viwanja vilivyopimwa na kutiwa huduma, kila mtu ajenge mwenyewe, na ile mitaa iliyojengwa bila mpango isibomolewe bali itengenezwe. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia kazi ilianza mwaka 1974. Dar es Salaam vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese ikatiwa barabara, maji na taa. Mwanza na Mbeya nazo zikapata sehemu yao. Pamoja na hayo ilianzishwa Benki ya Nyumba, iliyowakopesha watu fedha na vifaa vya kujengea. Benki hiyo ilikufa mwaka 1995, maana mikopo mingi haikurudi. Lakini viwanja havikufa. Aendaye Sinza leo atakuta mji mzima, wenye njia zinazopitika, maduka, shule na majumba, na sehemu kubwa yake imejengwa kwa mikono na fedha za watu wenyewe. Serikali ilitoa mstari na njia; watu wakatoa tofali.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokaa humo. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba, na nyingine ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo moja, kama ghorofa au chumba. Mwaka 2010 likaundwa shirika la kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, ili nazo ziwakopeshe wananchi. Ikaanzishwa pia kampuni ya nyumba za watumishi wa umma, iitwayo Watumishi Housing. Na karibu na sisi hapa, huko Mateves, Shirika la Nyumba likaanzisha mji mdogo uitwao Safari City, likauza viwanja na nyumba.

Sisemi kazi hizi ni bure. Wako niwajuao waliofaidika nazo, nami nafurahi pamoja nao. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu haina upendeleo. Tuseme mtu anataka nyumba ya shilingi 50,000,000, ambayo kwa siku hizi si jumba la anasa. Akope benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, nayo ni riba ambayo wakopaji wengi wa nyumba nchini wangeiona nafuu, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atatoa shilingi 658,000 hivi. Mpaka deni liishe atakuwa ametoa kama milioni 158, yaani nyumba tatu na zaidi kidogo, naye amepata moja. Tena mtumishi wa Serikali haruhusiwi kukatwa mpaka mshahara wake upungue theluthi moja. Kwa hiyo ili akatwe hizo 658,000 yampasa awe na mshahara wa karibu milioni moja, na asiwe na deni jingine lo lote. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa mwezi wa Julai 2025, kutoka 370,000 mpaka 500,000. Kilipandishwa sana, nasi tulishukuru; lakini hata sasa fedha yote hiyo haifikii lile fungu la nyumba. Ndiyo sababu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61, kama ilivyohesabiwa mwaka 2022, waliokopa nyumba benki ni elfu chache tu.

Na hao ni wenye mshahara. Fundi cherehani, dereva wa pikipiki, mkulima wa kahawa, hana karatasi ya mshahara ya kuonyesha, wala hati ya kiwanja ya kuweka rehani. Mlango wa benki ni mpana, lakini una kizingiti kirefu.

Jirani zetu nao wamejaribu kwa njia zao. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mzee Karume ilijenga majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na watu wakapewa humo makao. Ni kazi ya ajabu kuitazama, ila ilitaka fedha za Serikali tupu, na kwa hiyo haikuweza kuendelea bila kikomo. Kenya imeshika njia ya tozo: kwa sheria ya mwaka 2024 kila mfanyakazi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba za bei nafuu. Tozo ya kwanza, ya mwaka 2023, Mahakama Kuu iliikataa, ndipo ikatungwa sheria mpya. Wakenya wangali wakibishana kama wanaokatwa ndio watakaokaa humo. Ni swali la haki, na kila nchi inayotaka kujenga kwa fedha ya watu itaulizwa swali hilo.

Basi nimefikiri sana, na neno langu ni hili: msaada wa nyumba kwa mtu wa fedha kidogo uanze na kiwanja, wala usianze na nyumba iliyokwisha. Sababu zangu ni tatu.

Kwanza, kujenga watu wetu wanajua. Kupima ardhi hawawezi. Hapana mwananchi awezaye peke yake kuikata barabara, kuacha nafasi ya shule, na kuweka alama za mpaka ambazo jirani zake watazikubali. Hiyo ni kazi ya Serikali, na isipofanywa mapema hugharimu mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumeona mitaa ambamo gari la kuzima moto haliwezi kupita, wala jeneza halitoki ila kwa kuinuliwa juu ya ua wa jirani. Serikali yenyewe yalijua hili, maana imewapa halmashauri mikopo ya mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha. Kilichobaki ni kwamba upimaji utangulie watu, usiwafuate.

Pili, mtu hujenga kwa awamu, basi akopeshwe kwa awamu. Mkopo mdogo wa msingi, ukilipwa, mkopo wa kuta; ukilipwa, mkopo wa bati. Halmashauri zetu zinayo desturi ya kutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu, wala haziwadai hati ya nyumba. Mikopo hiyo ni ya biashara, na iendelee kuwa ya biashara. Lakini inatufundisha kwamba jirani wakidhaminiana fedha ndogo yaweza kutolewa. Na kifo cha Benki ya Nyumba kinatufundisha upande wa pili: mkopo usiodaiwa humwua mkopeshaji, na mwenye kuja nyuma hukuta mlango umefungwa.

Tatu, ujenzi wenyewe waweza kupunguzwa gharama. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora umefundisha kufyatua tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ambazo hushikana zenyewe kwa mifereji yake, hata ukuta usimame karibu bila chokaa wala saruji katikati. Fundi wetu wengi hawajaziona. Laiti kila kata ingekuwa na mashine moja ya kuazimana, vijana wanaomaliza shule wangepata kazi, na wajenzi wangepunguza mifuko ya saruji.

Sasa nalirudia lile swali la migomba. Baba yetu alitukusanya mwaka jana, akataka kutugawia sehemu zetu kabla nguvu hazijamwisha. Mimi na mke wangu tulishauriana usiku kucha. Ilikuwa rahisi kuipokea: ardhi ya bure, nyumbani, karibu na wazee. Lakini tulijua kwamba siku tutakapochimba msingi pale, ndugu wengine wanne watachimba yao, na lile shamba lililotulea sote litakuwa ua wa mabati. Mama angali akiuza ndizi zake kila wiki, na fedha hiyo ndiyo inayomnunulia dawa. Tulimwomba mzee sehemu yetu iendelee kulimwa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na wewe utajenga wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba tumeanza kulipa kwa awamu kiwanja kidogo kilichopimwa, mbali na mji, ambacho kitatuchukua miaka mitatu kukimaliza, kabla ya tofali la kwanza. Akasema, "Miaka mitatu ni mingi kwa mtu anayelipa kodi." Alisema kweli.

Lakini tazameni, ndugu zangu, jambo lililomo ndani ya habari hii. Kila kiwanja kinachopimwa mjini kwa bei ambayo mwalimu, fundi au mama wa sokoni aweza kuilipa, huokoa migomba fulani huko mlimani. Na kila kiwanja kisichopimwa hujengwa juu ya chakula cha mtu. Mji na shamba si nchi mbili. Halmashauri ikichelewa kupima hapa chini, wazee hupungukiwa na shamba kule juu, na mtoto katika darasa langu hubeba godoro lake kwenda shule ya tano.

Basi nawasihi wasomaji mambo matatu. Mwenyekiti wa mtaa akiita mkutano, nendeni, mkaulize habari ya upimaji wa ardhi, wala msingoje mpaka nyumba zimebanana. Mkinunua kiwanja, msitoe fedha kwa maneno matamu ya dalali. Takeni kuona ramani iliyokubaliwa na alama za mpaka, na mwulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kutia sahihi. Na mkiwa na vyumba vya kupangisha, pokeeni kodi ya mwezi mmoja au miwili kwa mtu mwaminifu mwenye watoto. Hilo halingoji sheria wala benki; laweza kuanza mwezi huu, na mwalimu fulani ataliona katika daftari lake.

Ni mimi,
Mwalimu wa Lemara, Arusha.